Usigawe hivyo viti mwendo kabla hujampima hata mtu mmoja

Umeuliza kuhusu mshahara, mkataba wa mwaka mmoja, kama ujifunze lugha ya alama, na mtaa wa kupanga ukihamia Mwanza. Halafu katikati, kwa mstari mmoja tu, ukasema kazi yako ya kwanza kwenye hilo shirika la utetezi ni kusimamia ugawaji wa viti mwendo 60 uwanjani Igoma, viti vyote vimetoka kontena moja na mgeni rasmi ameshaalikwa. Hayo mengine yatasubiri. Simamisha huo ugawaji.

Nimeufanya mimi, mwaka 2016, nikiwa na miezi minne kazini kama afisa mradi. Vilikuwa viti 52, vyote saizi moja, inchi 18 upana wa kukalia, vile vya kukunja vyenye kitambaa cheusi ambavyo kazi yake ni kumtoa mgonjwa wodini kumpeleka eksirei. Majina tuliletewa na watendaji wa mitaa kwenye karatasi yenye safu nne: jina, umri, mtaa, aina ya ulemavu. Kwenye aina ya ulemavu karibu kila mstari uliandikwa "miguu". Mtu aliyeugua polio utotoni, mtoto mwenye utindio wa ubongo, bibi aliyepooza upande mmoja, aliyevunjika uti wa mgongo, wote "miguu". Nikaipiga muhuri ile karatasi nikaiweka kwenye faili.

Kati ya hao 52 alikuwepo kijana wa Bugarika, miaka 22. Alikuwa kibarua pale Mwaloni, Kirumba, akaanguka kutoka juu ya lori la dagaa. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu, si baridi, si moto, si maumivu. Mama yake alikuwa amemtengenezea utaratibu wake: kiti cha mbao dirishani, blanketi limekunjwa mara nne chini ya makalio, na kila baada ya muda anamlaza kifudifudi kwenye mkeka. Pale dirishani kijana alikuwa anachaji simu za watu. Alikuwa na nyaya zake, daftari lake, wateja wake. Walikaa hivyo miaka miwili bila kidonda hata kimoja.

Siku ya ugawaji mama alikuja na lile blanketi. Kijana alipokalishwa kwenye kiti kipya akaliweka chini ya mwanawe kama kawaida yake. Mimi nikalitoa. Nililitoa kwa mkono wangu, nikamwambia, "Mama, hili tuliweke pembeni, litaharibu picha." Akaniangalia, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa rambo. Hakubishana. Mimi ndiye niliyevaa fulana ya mradi, kwa hiyo akadhani najua ninachofanya.

Alikaa kwenye kile kitambaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Kiti kilikuwa kipana kwake, kwa hiyo akawa ameinamia upande mmoja siku nzima, uzito wote umelalia mfupa mmoja wa kalio. Na nyumbani akaendelea kukikalia hivyo hivyo kila siku, kwa sababu kilikuwa kizuri, kina magurudumu, na majirani walikuwa wanakuja kukiona.

Nilirudi kwao wiki ya sita, tena si kwa kumjali, nilitumwa picha za ripoti. Harufu niliipata mlangoni. Kidonda kilikuwa na shimo ambalo ndimu ingeingia. Alilazwa miezi saba. Biashara ya kuchaji ikafa, nyaya zikauzwa. Siku nilipokwenda kumwomba msamaha mama alitandaza risiti mkekani, moja moja, bila kusema neno: bandeji, gloves, dawa, nauli ya bajaji, bandeji tena. Sijawahi kuhesabu kitu kirefu kama zile risiti.

Kijana yupo, ni mzima, nashukuru Mungu kila nikimwona. Lakini miezi saba ya mtu nimeila mimi.

Sasa elewa inavyotokea, maana wewe huna sababu ya kuja kuijua kwa njia niliyoijua mimi. Mimi na wewe tukikaa muda mrefu makalio yanauma, tunajigeuza bila hata kufikiri. Asiyesikia hajigeuzi, kwa sababu hakuna kinachomwambia ajigeuze. Mfupa unakandamiza nyama, damu haipiti, nyama inaanza kufa ndani kwa ndani, na saa chache tu zinatosha kuanzisha kidonda. Ukiona wekundu juu, ndani kumeshaharibika zaidi. Ndiyo maana mtu kama huyo anahitaji mto wa kukalia, sponji nzito isiyolala, na anahitaji kufundishwa kuinama mbele au kujinyanyua kwa mikono mara kwa mara, siku nzima, kila siku. Kwake kiti bila mto ni kidonda kilichofungiwa magurudumu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, hatua nane: kumpokea mtu, kumpima, kumchagulia kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa kiti, kumkalisha na kuhakiki, kumfundisha, kisha kumfuatilia na kukitengeneza kiti. Sisi tulianzia ya sita tukaishia hapo hapo, na hata hiyo hatukuifanya, tulipiga picha.

Kumpima mtu wala si kazi ya ajabu. Unapima upana wa nyonga, na upana wa kiti ulingane nao. Unapima paja kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, unatoa vidole viwili hivi. Unapima mguu kutoka goti hadi kisigino ili ujue pa kuweka vikanyagio, maana vikiwa juu mno magoti yanapanda na uzito wote unarudi kwenye makalio. Akishakaa, unamwomba ruhusa, unapenyeza vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Vikiweza kuchezacheza vizuri, sawa. Vikibanwa, huyo hatoki hapo na kiti hicho. Nusu saa kwa mtu mmoja, au saa nzima. Wapo Watanzania waliosomea kazi hii, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, wanafundisha. Tafuteni mmoja aliyehitimu, mlipeni.

Na pima nyumba pia. Wewe unatoka Dodoma, hujaijua Mwanza. Huku watu wanaishi juu ya mawe. Panda Mabatini, panda Bugarika, Igogo, uone njia zenyewe: ngazi za mawe, mitaro, vichochoro ambavyo mtu mzima anapita kiubavu. Bibi mmoja wa Mabatini tulimpandishia kiti chake begani mpaka mlangoni, akakishika, akakigeuza, akacheka kweli kweli, akasema, "Kizuri wajukuu zangu. Sasa mnipe na barabara yake." Nilipopita tena kuku walikuwa wanalala juu yake. Mwenzake wa tambarare, huko njia ya mchanga ya kwenda ziwani, alihitaji kile cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa la mbele, maana yale madogo ya mbele yanazama mchangani na kukumwaga chini. Kiti kimoja kwa watu 60 hakipo. Hakijawahi kuwepo.

Nimeona umejibiwa hapo juu na mtu kwamba "cha bure hakichaguliwi". Ndugu yangu uliyeandika hivyo, ungempa mwanao kiatu cha bure kinachomtoboa mguu? Na nina hasira na wengine zaidi yako. Kuna mshauri tuliyeletewa kwa siku tatu, akalipwa posho ambayo ingenunua mito ya kukalia ya watu wote 52. Nilimuuliza kama tusipime kwanza. Nilimuuliza, nakumbuka tulikuwa tumesimama wapi. Akanijibu: "Kiti ni kiti. Ukianza kupima mmoja mmoja mwaka wa fedha utaisha." Mwaka wa fedha uliisha vizuri kabisa. Ripoti ikaandikwa wanufaika 52, asilimia mia ya lengo, na kijana wa Bugarika alihesabiwa humo akiwa amelazwa. Huyo mshauri hajawahi kurudi kuuliza, na nina hakika kuna mahali leo anamwambia mtu mwingine kiti ni kiti. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia yote haya usiku huu.

Kwa hiyo kesho nenda na sentensi moja tu: asiyepimwa hapewi. Watakuambia mgeni rasmi ameshaalikwa. Asiyepimwa hapewi. Watakuambia mfadhili anataka picha mwezi huu. Mwandikieni mfadhili mweleze kidonda ni nini, wengi hawajawahi kuambiwa. Watakuambia bajeti ya mito haipo. Ipo: iko kwenye turubai, spika, fulana, kofia na soda. Omba hiyo karatasi ya majina uende kwa kila mtu nyumbani, ukae, umuulize analala vipi, anaoga vipi, anatoka vipi, na kama kuna blanketi, limekunjwa mara ngapi na kwa nini. Mama yule alikuwa anajua kuliko mimi, mshauri na mgeni rasmi tukiwekwa pamoja.

Tena ninyi ni shirika la utetezi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 20 inazungumzia mtu kujongea kwa namna na wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Hiyo ni haki ya kudai, na kiti kinachomfaa kimo humo. Ile fedha ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 kati ya hizo 10 ni mikopo ya watu wenye ulemavu: kijana wangu angesaidiwa kuunda kikundi na wenzake angefufua biashara yake ya kuchaji. Sikumpeleka, nilikuwa nabeba viti.

Mkataba: mwaka mmoja ni kawaida, soma vizuri kipengele cha mradi kuisha. Lugha ya alama jifunze, ndiyo, na ujifunze kwa kiziwi mwenyewe, watafute CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Na waulize waajiri wako ofisini kwao wana wafanyakazi wangapi wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na asilimia 3. Wakiwa hawana hata mmoja, basi kwenye kile kikao kilichoamua kugawa viti uwanjani hakukuwa na mtu anayekalia kiti mwendo, na umeshajua ilikuwaje wakafika hapo.

Umesema turubai linalipiwa Ijumaa. Leo Jumanne. Mpigie mwenye turubai kabla hajaandika risiti.