Ukitaka kuijua Misri ya kale, anza na vyungu

Siku ya kwanza kuingia Petrie Museum, makumbusho ya vitu vya Misri ya kale pale London, vyungu niliviacha mwisho. Nilikuwa nahangaikia shanga na sanamu. Nilipofika kwenye makabati ya vyungu, walinzi walishaanza kutuaga, nikatoka najilaumu. Siku ya pili nilianzia hapo hapo, na ndivyo nakushauri nawe. Kiingilio hakuna, kwa hiyo hata ukirudi mara tatu hupotezi kitu.

Tafuta kwanza vyungu vyekundu vyenye mdomo mweusi. Watu wa Naqada, kusini mwa Misri, walizikwa navyo zaidi ya miaka 5,500 iliyopita, kabla Misri haijapata farao, na vilifinyangwa kwa mkono tu. Usidhani ule weusi ni rangi ya kupaka. Wakati wa kuchoma, sehemu ya mdomo ilinyimwa hewa, moshi ukaingia kwenye udongo. Makaburi yale hayakuwa na tarehe, lakini Flinders Petrie, mwanaakiolojia ambaye makumbusho yamepewa jina lake, aliandika vyungu vya makaburi kama 900, kila kaburi na kikaratasi chake, akavipanga na kuvipangua kwa kufuata maumbo yalivyobadilika, hadi akajua nani alitangulia kuzikwa. Kwa hiyo ukiona vyungu kumi vinavyofanana, usivipite haraka. Angalia vishikio na shingo.

Halafu uliza lilipo bakuli la Qau, mahali huko huko Misri. Kwa macho ni bakuli la kawaida kabisa, la udongo, lenye wino uliofifia. Ni barua. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita mtu aitwaye Shepsi aliwaandikia humo wazazi wake waliokwisha kufa, baba upande mmoja, mama upande wa pili, akilalamika kwamba ardhi imechukuliwa kwa dhuluma nao wamenyamaza. Inadhaniwa bakuli lilipelekwa kaburini na chakula, marehemu akija kula akutane na maneno.

Kilichonishika ni upande wa mama. Shepsi anamkumbusha mama kwamba aliwahi kumwagiza mwanawe kware, mwana akamletea saba, naye mama akawala. Sisi tunaita kusimanga! Nilicheka peke yangu mbele ya kioo, mtu wa pembeni akanitazama vibaya. Soma tafsiri yake kabla hujaenda, maana wino wenyewe hautakusaidia, na kware hao saba ndio utakaotaka kuwatafuta kwa kidole.