5G na simu yako: maswali yenu

Tangu MTN na Airtel wawashe 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu, hapa Uganda mwaka 2023, maswali hayakomi. Leo nachukua matano.

Nina duka Busia, na wateja wengi hulipa kwa mobile money. Nikinunua simu ya 5G, pesa zitaingia haraka zaidi?

Hapana, mama. Ukipiga *165# au *185#, unatumia USSD, yaani njia ya menyu fupi isiyohitaji intaneti, ambayo hata katochi ya 2G inaimudu. Pesa ikikwama, kwa kawaida ni mitambo ya kampuni imelemewa, si simu yako. Hela hiyo ongezea mzigo dukani.

Mimi ni mtu wa boda, Ntinda. GB 1 ilikuwa inanifikisha wiki. Tangu nipate simu ya 5G, siku mbili tu imekwisha. Naibiwa?

Huibiwi, ndugu yangu, ila unakula zaidi bila kujua. Video ya ukubwa uleule hula MB zilezile, iwe kwenye 4G au 5G. Tatizo ni kwamba programu za video hupima kasi ya mtandao, na zikikuta njia pana hupandisha ubora zenyewe. Ulichokuwa unakitazama kwa 360p sasa kinakuja kwa 1080p, na saa moja ya hiyo inaweza kumaliza GB yako yote. Piga hesabu: kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 1 hushuka kwa dakika 13 hivi, kwa megabiti 100, sekunde 80. Bomba limepanuliwa, tangi ni lilelile.

Ingia kwenye mipangilio ya programu, funga ubora kwenye 480p, zima video zinazojicheza zenyewe, na masasisho yangoje Wi-Fi. Na kama unashuku kodi: ile asilimia 12 ya data, ambayo mwaka 2021 ilichukua nafasi ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kila siku, imo tayari kwenye bei ya bando. Kasi haiiongezi.

Mbona nje napata 5G, nikiingia chumbani inapotea?

5G mara nyingi hupita kwenye masafa ya juu, kama gigahezi 3.5. Mawimbi hayo hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, na ukuta wa tofali huyasumbua kuliko yale ya megahezi 900. Kwa hiyo minara lazima isongamane, na kampuni huanza kuijenga penye wateja wengi. Kama simu inahangaika kuitafuta 5G mpaka inapata moto, irudishe kwenye 4G. Betri itakushukuru.

Na kabla ya kulipia simu, fungua mipangilio ya mtandao uone kama chaguo la 5G lipo. Mimi niliamini kibandiko cha muuzaji mmoja wa mjini. Nyumbani nikakuta 4G tupu.

Mnara wa 5G unaleta saratani?

Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja vinasaba vya mwili. Jua la saa saba mchana lina mionzi yenye nguvu hiyo, na hakuna anayeandamana kulipinga.

Je, ningoje 6G?

Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilipitisha mwongozo wa 6G mwaka 2023 na kuupa jina IMT-2030. Jina linakuambia mwaka. Kama simu yako imekufa leo, nunua ya 4G yenye betri nzuri.