Maswali Yenu: Pauni 5 za mchezaji wa kaunti

SWALI: Shikamooni. Kwenye kadi ya zamani ya matokeo ya mechi ya kriketi ya Uingereza naona "W. G. Grace", halafu chini yake "Lohmann" tu. Herufi zake zimepotelea wapi? Na alikuwa analipwa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Hazikupotea, ziliachwa makusudi. Enzi za Malkia Victoria aliyecheza bila ujira aliwekewa herufi mbele ya jina. Wa kulipwa aliandikwa jina la ukoo peke yake, au herufi zikafuata nyuma. Viwanja vingi viliwatenga hata vyumba vya kubadilishia nguo. Kichekesho ni kwamba Grace, nyota wa kriketi wa enzi hizo na huyo "asiyelipwa", mwaka 1895 alichangiwa na mashabiki takriban pauni 9,000.

George Lohmann wa Surrey, moja ya timu za kaunti (majimbo) za Uingereza, alilipwa, ila kwa mechi. Kiwango cha kawaida cha kaunti kilikuwa kama pauni 5 kwa mechi ya siku 3, na pauni 1 juu timu ikishinda. Usidhani zote zilibaki mfukoni: humo humo kuna nauli ya treni, malazi na chakula. Akivunjika kidole au akiachwa kikosini, hana kitu. Septemba msimu unaisha, na hadi Mei ajitafutie kibarua kingine. Kaunti ya Yorkshire chini ya nahodha Lord Hawke ilikuja kuwapa wachezaji wake wa kulipwa pauni 2 kwa wiki wakati wa baridi.

Timu ya taifa ililipa pauni 10 kwa mechi. Mwaka 1896, kabla ya mechi na Australia uwanja wa Oval, London, wachezaji watano walidai 20: Lohmann, Gunn, Abel, Hayward na Richardson. Watatu wa mwisho walirudi nyuma wakacheza. Lohmann na Gunn hawakucheza.

SWALI: Nasikia mchezaji mkongwe wa kulipwa alipewa mechi nzima, mapato yake. Si alitajirika?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Mapato ndiyo, lakini baada ya gharama: wakusanya kiingilio, polisi, waamuzi, zote juu yake. Kiingilio cha mwanzo kilimezwa na hayo. Faida ilisubiri siku ya pili na ya tatu. Ndiyo maana mechi ya Jumatatu ya sikukuu ya Agosti, watu wakiwa mapumzikoni, ilitamaniwa sana. Mvua ikishika, hasara ni yake. Na mwenye mechi akiwa mrushaji wa mpira, kila wiketi aliyoiangusha upesi, yaani kila mpigaji aliyemtoa, iliharakisha mechi kuisha na kumpunguzia watazamaji wa kesho.