Msichangishe hata shilingi kabla hamjakaa na ukoo wa muuzaji

Tangu kijiji chetu kinunue shamba tukapata uwanja wa watoto kuchezea nimepigiwa simu na watu wa vijiji kama vinne hivi wanauliza mlifanyaje, basi ngoja niandike yote hapa. Nilikuwa katibu wa kamati toka siku ya kwanza, kwahiyo makosa yaliyofanyika nilikuwepo na mengine ni yangu kabisa.

Kwetu ni Kilimanjaro, huku juu kwenye migomba, na anayepajua anajua ardhi hakuna. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kiligawanywa kwa watoto kikagawanywa tena kwa wajukuu, unakuta mtu ana robo eka na hapohapo kuna nyumba, kahawa, zizi la ng'ombe na makaburi ya wazazi. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani, tena barabara ya mteremko, na bodaboda zinashuka zimezimwa injini kuokoa mafuta yaani huzisikii mpaka zikufikie. Mtoto wa jirani yangu akagongwa akavunjika mguu, na jioni ile tumekaa pale kwa mama yake ndo mtu akasema jamani tununue sehemu watoto wachezee.

Haikupita wiki kuna mtu akajitokeza anauza shamba, karibu eka nzima, milioni 18. Tukafurahi tukaanza kuchangisha palepale na hilo ndo lilikuwa kosa letu kubwa. Ilikuwa Desemba na kwetu Desemba watu wote wanarudi nyumbani, kutoka Dar, Arusha, Mwanza, kila kona, hela ipo na mioyo imefunguka. Kila kaya tuliwapangia elfu 40, walioko mjini laki moja kwenda juu, katikati ya Januari tukawa na milioni 11 mkononi.

Februari nikapigiwa simu na mama mmoja yuko Dar, sauti imetulia kabisa, akaniuliza, "Hilo shamba ni la baba yetu, mimi nimeulizwa na nani?" Kumbe muuzaji ni kaka yake, na mama yao ndiye aliyelima kahawa pale ikawasomesha wote wawili. Kwenye kamati kuna waliosema huyu kashaolewa huko hana chake kihambani. Niliumia sana kusikia hivyo, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanaume, na hata ukiiweka sheria pembeni yule mama alikuwa anasema kweli.

Tulikaa miezi 11 hatujalipa wala hatujajenga. Watu wakaanza kudai hela zao na walikuwa na haki. Kilichotuokoa ni daftari. Mwanzoni michango ilikuwa inaingia kwenye simu ya mweka hazina, ikachanganyika na hela yake, mtoto wake akaugua akachukua laki tatu, alirudisha zote ila maneno yalishasambaa, ndo tukafungua akaunti benki ya saini tatu na hao watatu wasiwe ndugu. Kila Jumapili nikawa nabandika orodha kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, jina na kiasi, hata asiye na hela anaandikwa alicholeta: "mkungu mmoja wa mshare, umeuzwa elfu 9". Aliyeuleta ni bibi mmoja mjane, hajui kusoma, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anapita pale ananiambia nionyeshe nilipo, namwekea kidole kwenye jina lake anaangalia, halafu anaondoka. Siku watu wanapiga kelele warudishiwe, yeye ndo aliyesimama akasema mkungu wangu uko ubaoni, mimi nasubiri.

Yule mama wa Dar hatukumpata kwa simu wala kwa barua. Meku mmoja, yaani mzee, wa ukoo wao alikata jani la isale, akalifunga fundo, akapanda basi na mwenyekiti wetu mpaka mlangoni kwake. Ambaye si wa kwetu ajue isale ndo jani la kuomba msamaha, ukiletewa hilo huwezi kumfungia mtu mlango. Alilipokea analia. Alichotaka ni fungu lake alipwe mkononi mwake lisipitie kwa kaka, na uwanja uwe na sehemu ya mpira wa pete kwa ajili ya wasichana. Ni hayo tu, tungeyajua Desemba ileile kama tungemuuliza.

Baada ya hapo ndo tukapima. Wenyewe tunasema eka ni hatua 70 kwa 70, lakini hatua za nani? Muuzaji mwenyewe alikuwa ameipima kwa hatua zake, tulipoweka tepu shamba likawa pungufu na bei ikashuka mpaka milioni 16 na nusu. Mkipima waiteni majirani wa pande zote wasimame kwenye masale ya mpaka, yaani mimea hiyohiyo ya isale iliyopandwa mpakani, wetu mmoja alituonyesha mstari wa masale uliokuwa umesogezwa.

Kwenye karatasi msiwe na haraka. Pelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ana sauti, halmashauri ya kijiji iidhinishe mauziano, muhtasari uandikwe na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatanishwe, na itajwe kabisa kwamba hii ni ardhi ya matumizi ya jamii. Jina liwe la kijiji. Msikubali jina la mwenyekiti wa kamati hata kama ni mcha Mungu kiasi gani, siku akifa watoto wake watakuja na mirathi na nyie hamna pa kuanzia.

Sasa hivi bado tunachangia kusawazisha, maana pameinama upande wa chini na mpira ukitoka unaishia mtoni. Goli za miti zipo. Nguzo za pete zilisimama kabla ya goli, yule mama alituma hela ya chuma mwenyewe, na nimeiandika ubaoni.