Kipaimara si mahafali

Swali la juma hili liliuliza: kijana Mkatoliki akipokea Kipaimara, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu na kupokea Roho Mtakatifu, kinabadilika nini hasa? Wengi hujibu kwamba siku hiyo anahitimu mafundisho na kuithibitisha imani yake mwenyewe. Kuhitimu ni kosa tupu. Kuthibitisha kuna ukweli, ila ni nusu yake.

Tazama ibada yenyewe. Baada ya homilia (mahubiri) vijana husimama na kurudia ahadi za ubatizo. Hapo ndipo wanapojieleza, na bado sakramenti haijaanza. Askofu huwanyoshea mikono wote akiwaombea mapaji saba: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Kisha kila mmoja husogea, msimamizi (anayemsindikiza katika imani) akimwekea mkono wa kuume begani. Askofu huchovya kidole gumba katika Krisma, mafuta yenye balsamu aliyoyaweka wakfu kwenye Misa ya Krisma, na kumchora msalaba kwenye paji la uso, akimwambia apokee mhuri wa paji la Roho Mtakatifu. Kwa maneno hayo kijana hujibu “Amina” tu. Anapokea, anayetenda ni Mungu. Kiswahili chetu kililiona hilo mapema: kipa-imara, kinachompa mtu uimara. (Wazee wanaoulizia kofi jepesi la shavuni ambalo askofu alikuwa akimpiga kijana: liliondolewa katika ibada mpya ya 1971, salamu ya amani ikabaki.)

Ndiyo maana Wakatoliki wa Makanisa ya Mashariki humpaka Krisma mtoto mchanga papo hapo anapobatizwa. Kama maana yote ingekuwa uamuzi wa kijana, jambo hilo lisingewezekana. Sheria ya Kanisa la Kilatini, yaani la Magharibi, hutaja umri wa kupambanua mambo, lakini Baraza la Maaskofu laweza kupanga umri mwingine. Kwa hiyo kwingine hupokea watoto, kwingine vijana wakubwa. Sakramenti ni ileile: inakamilisha neema ya ubatizo na kumtia mtu nguvu ya kumshuhudia Kristo kwa neno na tendo.

Mhuri huo haufutiki, hivyo hautolewi mara mbili, hata kwa aliyeasi akarudi. Hapa pana jambo linalosahauliwa. Anayepakwa akiwa katika dhambi ya mauti hupata mhuri, lakini neema yake huzuiliwa mpaka kizuizi kiondoke, kwa kawaida kwa kuungama. Kuungama kuachwe kuwa shughuli ya asubuhi ya sherehe, foleni ndefu na padre mmoja? Hapana. Siku chache kabla panatosha, na kijana hupata nafasi ya kujichunguza.

Msimamizi ndiye anayekosewa zaidi. Familia humtafuta mwenye zawadi nono, kumbe sheria inataka Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa kijana. Inafaa hata awe yuleyule wa ubatizo, maana kazi ni ileile iliyoanza kwenye kisima cha ubatizo. Jina jipya la somo, yaani la mtakatifu wa kumfuata, si sharti. La ubatizo linatosha kabisa.

Cheti cha ubatizo nacho kitafutwe mapema, hasa kama kijana alibatizwa parokia nyingine. Paroko wa huko lazima ajulishwe ili aandike Kipaimara katika kitabu cha ubatizo. Taarifa isipofika, utaonekana hujaimarishwa siku utakapokwenda kuandikisha ndoa.