Swali la lugha: "Modeli yenye azimio la juu" ni Kiswahili?

Msomaji wa Mwanza anauliza: "Natafsiri makala kuhusu kompyuta zinazotabiri mvua za radi katika Ziwa Victoria. Programu ya kutafsiri imeniletea 'modeli zenye azimio la juu za kutabiri dhoruba'. Sentensi inanitia shaka. Nirekebishe wapi?"

Shaka yako ni ya haki. Azimio ni jambo lililokatwa kikaoni; Azimio la Arusha la 1967 lilipitishwa na watu, halikupimwa kwa kilomita. Programu imekutana na neno la Kiingereza "resolution", lenye maana zaidi ya moja, ikaokota ile ya mkutanoni. Wapo wanaosema "resolusheni", nami siwakatazi, maana wenye fani wanaelewana. Ila msomaji wa kawaida mtajie kitu chenyewe.

Modeli ya hali ya hewa huigawa anga katika miraba, kisha kompyuta ikakokotoa joto, unyevu na upepo wa kila mraba. Mraba wenye upande wa kilomita 25 hulimeza wingu la radi zima zima, kwa kuwa mkondo wa hewa unaolipandisha mara nyingi una upana wa kilomita chache tu. Hapo modeli hubaki kukisia. Miraba ikishuka hadi kilomita 3 au 4, wingu lenyewe huanza kujitokeza kwenye hesabu. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ilianza kuendesha modeli ya kilomita 4 hivi kwa ajili ya ziwa lenu mnamo 2011. Marekani inayo modeli iitwayo HRRR, ya kilomita 3, inayokokotolewa upya kila saa. Na ziwani kwenu jambo hili lina uzito wake: usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na radi huwakuta wavuvi wakiwa kazini. Basi andika "modeli yenye miraba midogo", na kipimo ukitaje mara ya kwanza.

"Dhoruba" nayo iangalie. Ni upepo mkali wenye mvua, na waweza kuja bila radi hata moja. Taarifa za hali ya hewa Tanzania husema "mvua na ngurumo", na ni Kiswahili safi, ingawa ngurumo husikika tu. Inayopiga ni radi. Kwa makala ya wavuvi ningechagua "mvua za radi". Lakini ukiiondoa dhoruba umeondoa na upepo, nao ndio unaopindua mitumbwi, kwa hiyo urudishe kwa jina lake.

Sentensi yako iwe: "Modeli za kompyuta zenye miraba midogo, ya kilomita 4 hivi, zinazotumika kutabiri mvua za radi na upepo mkali ziwani." Ni ndefu kuliko ya programu. Mhariri akilalamika, mpunguzie "za kompyuta".