Kabla Bi Mkubwa Hajafungwa Bangili Ile

Juzi usiku, nimeshazima taa, ujumbe ukaingia: "Shikamoo mama. Alhamisi bi mkubwa wangu anapigwa picha ya mishipa ya moyo, wanaingilia mkononi. Wewe yalikukuta. Tuulize nini?" Nikaketi kitandani, nikaupapasa mkono wangu wa kulia pale chini ya kidole gumba. Usingizi ukakata.

Mimi ni mwembamba, kilo 49, na kisukari ninaishi nacho mwaka wa 16 sasa. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili, pamoja na kuwa mwanamke, yananiweka kwenye kundi la watu ambao ateri ya mkononi huziba kwa urahisi baada ya kipimo. Ateri zetu ni nyembamba. Kimrija cha kupitishia katheta, ule mpira mwembamba unaosukumwa mpaka moyoni, kikiwa kinene kuliko mshipa, kinauchubua kwa ndani, na damu hugandia palepale. Vimrija hivyo vina namba, cha 5 ni chembamba kuliko cha 6. Mimi sikujua hata kwamba kuna namba.

Kipimo chenyewe hakikuniuma. Kilichoniumiza ni bangili. Wanakufunga bangili ya plastiki inayoonyesha ndani, wanaijaza hewa kwa bomba la sindano ili ibane tundu damu isitoke. Nilifungwa saa nane mchana. Zamu ikabadilika. Vidole vikapoa, ukucha wa gumba ukawa na rangi ya zambarau bivu. Nikaita. Nesi akasema, "Vumilia mama, ndivyo inavyotakiwa." Nimelelewa kutosumbua watu, nikavumilia. Ilifunguliwa baada ya Isha. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Maana haitakiwi hivyo. Bangili ibane kiasi tu cha kuzuia damu kutoka nje, huku ndani ya mshipa damu ikiendelea kupita, kisha hewa ipunguzwe kidogo kidogo. Ukiukaba mshipa kabisa kwa saa nyingi, damu iliyosimama huganda. Ndiyo sababu wakati wa kipimo mgonjwa huchomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi uniti 5,000 au kwa kufuata uzito wake. Ikipungua, hatari inapanda.

Nilikaa miezi saba bila kujua kwamba mshipa umeziba. Kiganja kinalishwa na ateri mbili, na ile ya upande wa kidole cha mwisho ilibeba kazi yote. Hata mapigo niliyahisi, dhaifu. Niliporudi kuwekewa stenti, kile kiwavu cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, daktari mwingine alinibana gumbani kile kifaa cha kusoma oksijeni, kisha akakandamiza mshipa wa upande wa pili. Wimbi kwenye skrini likalala, mstari mnyoofu. Akaniangalia. "Mama, huku kumeziba." Wakapitia kinenani, nikalala chali saa nyingi bila kukunja mguu.

Na mshipa ule una kazi nyingine. Wapasuaji wa moyo huweza kuuchukua kuutengenezea moyo njia mpya ya damu. Mwenye kisukari ambaye figo zitamshinda, Mungu apishe mbali, huweza kutengenezewa hapohapo kwenye kifundo cha mkono njia ya kusafishia damu. Wangu wa kulia umeshakwenda.

Kwa hiyo wanangu mnaowapeleka wazazi, ulizeni. Ulizeni namba ya kimrija. Ulizeni heparini. Semeni kama alishapitishiwa mkono huohuo zamani, maana kila ukirudiwa hatari inaongezeka. Ulizeni kama wanaweza kuingilia mgongoni mwa kiganja, kwenye kile kishimo cha chini ya gumba, kwa sababu huko mshipa wa kifundo huziba mara chache zaidi. Bangili msiilegeze wenyewe, damu itaruka. Muiteni nesi, asipokuja muiteni tena. Heshima haikatazi kuuliza. Na kabla ya kuruhusiwa, ombeni mkono upimwe kwa kile kifaa cha gumbani. Ikigundulika saa zilezile za mwanzo, wanaweza kuibana ateri ya pili kwa muda wa saa moja ili damu ilazimike kupita kwenye ile iliyoziba, na wapo wanaofunguka.

Yule binti nimemwambia asimwachie mtu mwingine, akae mwenyewe kando ya kitanda, aandike saa bangili inapofungwa. Alhamisi simu yangu itakuwa wazi tangu alfajiri.